Nilivyomjibia Binti Yangu

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sijawahi kuona aibu kulisema hilo mbele ya mtu yeyote, awe na digrii au asiwe nayo. Nilitoka kwetu Malolo nikiwa nimekaa juu ya magunia ya vitunguu, miguu mitupu, na leo ukifika Kilosa mjini ukaulizia nyumba yenye bati la bluu, pale palipokuwa na mashine ya kukoboa mpunga, hata mgeni wa wiki moja atakuelekeza. Mashine ni yangu. Malori mawili yanayolala pale uani ni yangu. Sikuachiwa na baba, sikuoa kwa tajiri, sikubebwa na serikali. Vyote hivyo nilivipata kwa njia moja tu, nayo ni kutolala.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililomharibia mwanangu maisha.

Nilianza kama utingo, nikawa dereva, nikawa mwenye gari. Madereva wenzangu walipokuwa wakiegesha Mikumi wapate kulala kabla ya kuingia mbugani, mimi nilikuwa nanawa uso kwa maji ya dumu, natafuna pilipili mbichi, naondoka. Wao wakiamka, mimi nimeshashusha mzigo Morogoro na nimeshapakia mwingine. Miaka yangu yote ya ujana ilikwenda hivyo. Usingizi niliuona ni ugonjwa wa wavivu, na nyumbani kwangu haukuruhusiwa. Jua likinikuta kitandani basi ujue naumwa sana, na likimkuta mtoto kitandani basi mtoto huyo atajua mimi ni nani. Mke wangu alikuwa akiwafichia watoto usingizi kama mtu anavyoficha nyama. Mchana aliwafungia stoo walale kidogo kwenye magunia, nikiuliza wako wapi ananiambia wamekwenda bombani. Nilikuja kulijua hilo juzijuzi tu.

Huyu binti ni mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa nampakia mbele nikipeleka mchele kwenye kambi za watalii ndani ya hifadhi ya Mikumi, na pale kuna kiwanja cha ndege, cha vumbi, ambako swala hufukuzwa kabla ya kila ndege kutua. Siku moja, akiwa hajafika darasa la tatu, aliniuliza yule anayeendesha ndege amekaa upande gani. Nikamwambia kama gari tu, mbele. Akasema na yeye atakaa hapo. Baba mwingine angecheka. Mimi nilikuwa na malori matatu wakati alipomaliza kidato cha sita, nikauza moja, lile jipya, akaenda kusomea urubani. Nieleze ni nani mwingine Kilosa aliyefanya hivyo.

Akarudi na shati jeupe lenye mistari miwili mabegani. Rubani msaidizi. Akaajiriwa na kampuni moja ndogo ya ndege za kukodi, zile za kubeba watalii kutoka mbuga hadi mbuga. Mimi nilitangaza sokoni, nilitangaza stendi, nilitangaza hata kwenye misiba ya watu. Mtu anamlilia mama yake, mimi nampa pole halafu namwambia binti yangu amepita hapa juu asubuhi.

Mara ya kwanza kusikia habari za masaa ya kupumzika ilikuwa kwa simu. Nilimpigia mara nne hakupokea. Alipokuja kupiga yeye, akaniambia alikuwa mapumzikoni na simu ilikuwa imezimwa. Nikauliza, mapumziko gani ya saa nane mchana? Akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Rubani ana masaa yake ya kuruka, akiyamaliza hata kama ndege imejaa watu na injini inawaka, anashuka. Na kabla ya kuruka tena lazima awe amepumzika, kampuni yao iliandika masaa kumi na mawili mfululizo, ambayo ndani yake haitwi, hatumwi, hagongewi mlango. Akikatizwa, yanaanza kuhesabiwa upya.

"Kwa hiyo mwanangu unalipwa kulala?"

"Ndiyo, Baba. Nalipwa kulala."

Niliicheka kauli ile wiki nzima. Nikawa namsimulia kila mteja pale mashineni, kwamba mimi nimetajirika kwa kukesha na binti yangu anatajirika kwa kukoroma. Watu wakacheka na mimi. Hakuna aliyeona kuwa nilikuwa nacheka kitu nisichokijua.

Aliniambia na jambo lingine. Kila asubuhi kabla ya safari kuna fomu, ndani yake kuna mahali pa kuweka sahihi kwamba umepumzika. Lakini kapteni wake, mtu mzima kiasi, mpole, alikuwa na desturi yake mwenyewe. Hakuridhika na fomu. Alikuwa anasimama mbele ya panga la ndege, anamtazama mwenzake usoni, anamuuliza kwa mdomo: umelala? Alikuwa anasema karatasi haina macho. Ukimjibu hujalala, hakugombezi, haulizi sababu. Anapiga simu anaomba rubani mwingine, basi.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Masika yalikuwa yameshaanza. Walitua Mikumi saa tano asubuhi wakiwa wameruka siku sita mfululizo, na wageni wao walikuwa wanalala kambini hadi Jumapili. Ndege ingeondoka saa moja asubuhi, wao wakitakiwa kiwanjani saa kumi na mbili. Kampuni ilikuwa imewapangia nyumba ya kupumzikia pale Mikumi mjini. Mimi nilikuwa nimeshapanga langu. Nilikuwa nimechinja mbuzi wawili. Nilikuwa nimewaalika wazee wa mtaa, wakulima wanaoniletea mpunga wao, wafugaji wa jirani, na zaidi ya wote nilikuwa nimemwalika bosi wangu wa zamani, aliyehamia Magole uzeeni, yule niliyeanzia kwake utingo. Huyu mzee, siku binti yangu alipozaliwa, nilimwomba ruhusa nikamwone mtoto. Akaniambia mbele ya madereva wenzangu nisihangaike, mtoto wa utingo nitamkuta juu ya magunia tu. Walicheka. Maneno hayo niliyabeba zaidi ya miaka ishirini, na Jumamosi ile ilikuwa siku ya kuyatua.

Nilimkuta binti kiwanjani amekaa kwenye kivuli cha bawa, macho mekundu. Akasimama.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Panda gari, mama yako anakungoja."

"Baba, kapteni ameniambia nikalale."

"Utalala kwenu. Kitanda cha Kilosa si kitanda?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole kama alivyokuwa akihesabu utotoni. Kisha akasema sawa, lakini saa tisa mchana tuwe barabarani. Saa kumi na mbili jioni awe kitandani Mikumi. Hapo atakuwa na masaa yake kumi na mawili kamili, pungufu hapana. Akanitaka nimwahidi. Nikamwahidi, kwa sauti ile ambayo mtu anamwahidi mtoto pipi.

Akaenda kumuaga kapteni. Niliwaona wakizungumza, kapteni akatazama saa yake, akatazama na mawingu, akaitikia kwa kichwa. Alimruhusu kwa sababu alikuwa anakwenda na baba yake.

Tulifika Kilosa saa saba na kitu. Mama yake alimtazama mara moja tu akampeleka chumbani, akamvua viatu. Alilala kabla ya kula. Mimi nikabaki sebuleni na wageni, nao wakaanza kufika mmoja mmoja, na kila aliyefika aliuliza yuko wapi rubani.

Kwetu mzee akiingia, mtoto anatoka kumwamkia. Hili halina mjadala, uwe rubani, uwe waziri. Mzee hawezi kutembea na tope hadi nyumbani kwako halafu aambiwe mtoto amelala mchana. Itakuwa nimemtukana. Basi nikaenda nikamgongea.

"Amka umpe mzee shikamoo yake. Na uvae lile shati."

Akatoka, akainama, akatoa shikamoo, akaulizwa kama ndege inaruka na usukani, akajibu, akarudi kulala. Baada ya robo saa akaingia mwingine, nikamgongea tena. Wa tatu alikuwa mzee mfugaji aliyeleta maziwa kwenye kibuyu, mcheshi, akamwambia mwanangu akiwa huko juu amwangalizie, kuna ndama wake wawili hawajaonekana tangu juzi. Nyumba nzima ikacheka. Na yeye akacheka, akiwa ameshika fremu ya mlango. Mimi niliona ameegemea kwa madaha. Sasa najua alikuwa anashikilia asianguke.

Mara ya nne nilimkuta mke wangu amesimama mlangoni pa chumba, mikono kiunoni.

"Mwache mtoto."

"Mzee wa watu ametoka mbali kwa miguu."

"Na yeye ametoka mbali zaidi. Mwache."

Nikampita. Katika ndoa yetu nilikuwa nampita hivyo siku zote.

Saa tisa ikafika. Binti akatoka na begi lake, amevaa viatu, akasimama mbele yangu. Akatazama saa ya ukutani. Bosi wangu wa zamani alikuwa hajafika. Alikuwa amepiga simu kwamba bodaboda iliyombeba kutoka Magole imepata pancha. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwangu na mkono wangu ulikuwa juu yake. Nikamwambia akae kidogo, nusu saa tu. Akakaa kwenye kochi, begi mapajani, akaanza kupambana na shingo yake, maana kichwa kilikuwa kinamwangukia.

Ili watu wasichoke kungoja, nikaanza kuwasimulia habari ya swala. Wengi wanaijua. Enzi za udereva nilitoka Malolo na vitunguu, nikapitiliza Mikumi bila kulala, na katikati ya mbuga nikazinduka kioo cha mbele kimevunjika, gari liko kwenye majani, na swala dume amelala kwenye boneti. Mimi husema kwamba swala ndiye aliyenigonga, kwa sababu yeye alikuwa macho na mimi nilikuwa nimelala, sasa mwenye makosa nani? Hapo watu huwa wanacheka hadi kushika mbavu, na siku ile walicheka vizuri kuliko siku zote.

"Baba," binti yangu akasema taratibu, "hiyo si ya kucheka."

Nikasema hawa marubani wa siku hizi hawajui utani. Wakacheka tena.

Mzee wa Magole aliingia saa kumi na moja kasoro, ameshikwa mkono na mwenye bodaboda. Sikuwa najua kwamba kisukari kimemmaliza macho. Nilikuwa nimemwandalia kiti kile cha kutazamana na shati jeupe na mistari, na mtu mwenyewe haoni. Nilihisi nimeibiwa. Binti akasimama, akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba, akanyoosha mkono, akapapasa bega la mwanangu hadi vidole vyake vikaikuta mistari.

"Miwili," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Miwili," nikasema mimi kwa sauti kubwa, watu wote wasikie.

Mzee alikuwa amebaki ameshika mkono wa binti, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza injini.

"Huyu mtoto ana usingizi," akasema. "Nimekaa na madereva miaka arobaini. Dereva mwenye usingizi namjua kwa anavyovuta pumzi. Utingo, mpeleke mwanao akalale."

Nikamwambia atalala tu, damu yangu hiyo, haichoki. Mzee akatikisa kichwa.

"Hata ile siku ya swala nilikuambia ulale Mikumi. Ukaniambia wewe si mwanamke."

Watu wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Katika maneno yote yale, mimi nililisikia neno moja tu, utingo. Miaka yote ile, nyumba ile, bati la bluu, binti mwenye mistari, na bado ananiita utingo sebuleni kwangu. Nikachukia. Chuki hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani, wala si ile ahadi.

Barabara ya Kilosa hadi Mikumi wakati wa masika haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuipita. Tulizama karibu na mashamba ya mbegu ya Kilangali, tairi zote nne, na trekta la kutuvuta lilipatikana giza likiwa limeshaingia muda mrefu. Naye hakulala hata ndani ya gari, na hilo pia ni mimi. Nilipoona macho yangu yanataka kufumba nilianza kuongea, kama nilivyofanya siku zote barabarani, na mtu anayeongea anataka kujibiwa. Nilimuuliza habari za ndege, za mishahara, za wachumba. Nikimwona kimya namwambia, unanisikia? Anasema nakusikia, Baba. Nilimwingiza kwenye ile nyumba ya kupumzikia saa nane na nusu za usiku. Alikuwa na masaa matatu na nusu badala ya kumi na mawili.

Mimi sikulala kabisa, nililaza kiti cha gari nikangoja kukuche. Nilijiona mwanaume.

Asubuhi niliingia hifadhini na mchele wa kambi, kama kawaida, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumwona akiruka. Ukungu ulikuwa umekaa chini, na gari la hifadhi lilikuwa linazunguka kiwanjani kufukuza swala. Kapteni aliponiona akanijia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, kapteni wangu."

Kisha akageuka, akasimama mbele ya panga la ndege, akamtazama binti yangu usoni kama desturi yake.

"Umelala?"

Nilimwona mwanangu akifungua mdomo. Mpaka leo namwona. Alikuwa anakwenda kusema hapana. Ningemwacha tu, kapteni angepiga simu, wageni wangenung'unika, wangekunywa chai nyingine, rubani mwingine angekuja. Yasingekuwa makubwa. Lakini mimi nikaona kapteni atauliza amekuwa wapi, na jibu ni kwangu, na wafanyakazi wa kambi wanaonijua wamesimama pale wanasikiliza.

"Amelala vizuri, kapteni," nikasema. "Nimemsimamia mwenyewe. Nyumbani kwangu mtu hapigi kelele."

Kapteni akatabasamu, akasema anashukuru. Lakini hakuondoa macho kwa binti.

"Wewe unasemaje?"

Hapo akanitazama. Nyumbani kwetu mtoto hamfanyi baba yake mwongo mbele za watu. Hilo nililifundisha mwenyewe, kwa mdomo na kwa fimbo, na katika watoto wangu wote yeye ndiye aliyelishika vizuri kuliko wengine. Kwa watu wa nje ningesema ana adabu.

"Ndiyo, Kapteni," akasema. "Nimelala."

Akaweka fomu juu ya goti, akatia sahihi. Ndege ikapanda, ikazunguka juu ya milima, nikaipungia mkono, nikawaambia wale wafanyakazi, mmeona?

Simu ilikuja saa nne nikiwa njiani kurudi. Walikuwa wanatua kwenye kiwanja kingine cha vumbi, huko kusini. Binti ndiye aliyekuwa anatua, maana kapteni alikuwa akimpa zamu yake ili ajifunze. Baadaye alimweleza mama yake kwamba hakusinzia, macho yalikuwa wazi, aliiona ardhi inakuja, ila kwa sekunde chache hakuwepo. Kapteni alipoushika usukani walikuwa wameshachelewa. Magurudumu yaligonga tuta kabla ya kiwanja kuanza, gurudumu la mbele likang'oka, ndege ikasimama kwa pua. Wageni walitoka na michubuko. Yeye alivunjika mkono. Kapteni alivunjika mgongo.

Miezi ya mwanzo niliwaambia watu ilikuwa upepo. Baadaye nikasema ndege ilikuwa kuukuu. Nililisema vizuri sana hadi nikaliamini, nikafika mahali nikawa naishauri familia tuishitaki kampuni. Mke wangu alinisikiliza hadi siku moja, akichagua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa:

"Ulimjibia."

Neno hilo moja, na hajalirudia hadi leo. Ndipo nilipojua kwamba binti alikuwa amemweleza mama yake kila kitu.

Nikavaa koti, nikaenda Dar es Salaam kwenye ofisi ya wanaosimamia mambo ya ndege. Nilikuwa na hakika nitalimaliza, maana katika maisha yangu sijaingia ofisi nikashindwa kueleweka. Nikapokelewa na kijana mmoja mwenye heshima zake. Nikamwambia mwanangu hana kosa, mimi ndiye niliyemkatiza usingizi, mimi ndiye niliyemchelewesha, na pale kiwanjani mimi ndiye niliyejibu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua faili akanisomea maelezo aliyoandika binti yangu kwa mkono wake. Yalikuwa mafupi, yakisema hivi: Nilijua sijapumzika. Niliulizwa nikasema nimepumzika. Hakuna aliyenilazimisha.

"Nilimlazimisha mimi," nikasema.

"Mzee wangu, nakuelewa," akasema yule kijana. "Lakini hii fomu ina mahali pa rubani na mahali pa kapteni. Mahali pa baba hapapo."

Leseni yake ilisimamishwa. Kampuni ilimwachisha. Nikaondoka na koti langu.

Nilipita na Morogoro kumwona kapteni, nyumbani kwake. Alikuwa kwenye kiti kibarazani, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na naapa nilitaka kutukanwa. Aliponiona nimesimama getini alijaribu kujiinua, akashindwa, akabaki ameshika mikono ya kiti.

"Shikamoo Mzee," akasema.

Sikuweza kuitikia. Nimeitikia shikamoo za watu wote, wengine hata sikustahili, lakini ile ilinikwama. Nilimwambia yote. Akasema alikuwa ameshajua asubuhi ileile, aliyaona macho ya binti, ila alifikiri, baba yake mwenyewe amesimama hapa, amesema, mimi ni nani nimbishie? Basi na yeye anabeba hilo kila siku.

Muda wa adhabu ya binti umeshapita. Leseni inaweza kurudi, kuna mitihani tu ya kufanya upya, na ada nilimwambia nitalipa hata kwa kuuza yale malori yote mawili. Barua iliyomwambia hivyo imo kwenye droo ya kabati lake. Nilimuuliza mwaka jana kwa nini haendi. Nilidhani ananiadhibu, na ningefurahi kama ingekuwa hivyo, adhabu ina mwisho.

"Baba, kuruka siogopi," akasema. "Naogopa kuulizwa. Nikiulizwa nitasema ndiyo. Nimejijua."

Nikamwambia mimi sitakuwepo kiwanjani. Akanitazama kwa huruma, na nisingependa mtu yeyote atazamwe hivyo na mwanawe.

Yuko hapa nyumbani. Anamsaidia mama yake kidogo, anakwenda sokoni akitumwa, kisha anaingia chumbani analala. Analala asubuhi, analala mchana, jua linamkuta kitandani na linamwacha hapo. Daktari amempa vidonge, na vidonge vinamlaza zaidi. Mimi ndiye niliyebaki macho, na sasa hata nikitaka kulala siwezi. Nimeweka kiti kwenye korido, karibu na mlango wake. Mashine ya kukoboa nimeihamisha ikapelekwa kando ya mji, kwa ajili ya kelele. Watoto wa jirani wakianza mpira uani nawafukuza. Mzee akija akitaka shikamoo yake namwambia amelala, akinuna anune.

Mwezi uliopita mzee wa Magole alikuja, ameletwa tena na bodaboda. Alisema amesikia mtoto hayuko sawa, amekuja kumpa pole. Nikamwambia amelala. Hakuudhika. Aliomba kiti, nikamwekea kando ya changu pale koridoni, tukakaa. Mke wangu alituletea chai. Mchana ukapita, mwanga wa dirishani ukahamia ukuta wa pili, ndani ya chumba hakuna kilichosikika. Karibu na saa kumi na moja mzee akapapasa fimbo yake, akasema lazima aondoke kabla ya mvua.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Pengine ataamka."

Akainamisha kichwa upande wa mlango, akasikiliza muda mrefu.

"Haamki huyu, utingo," akasema. "Siku ile ndiyo ilikuwa ya kumwacha alale."

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye pikipiki, nikarudi kwenye kiti changu.